Ukurasa wa Pili wa Fomu

Wakala mmoja wa bima, watu wakimwita Bwana Tai kwa kuwa hata jua liwake vipi hakuivua tai yake, aliingia karakana ya seremala akakalia meza ambayo vanishi haijakauka. Suruali ikaharibika. Akacheka, seremala naye akacheka, na mteja akapatikana.

Mke wa seremala, fundi cherehani, alikuwepo. Alimsikia mumewe akisema waziwazi, "Mimi nameza dawa za presha."

"Presha nani hana, kaka?" Bwana Tai akajibu huku akiandika kwenye ukurasa wa pili wa fomu kwamba hana ugonjwa. "Tusiwachoshe wakubwa ofisini."

Kisha akaomba majina ya watu watatu wanaozipenda familia zao. Ndivyo alivyowapata wateja: kila mmoja alimtajia watatu, na hao watatu wakamtajia wengine. Seremala akamtajia kinyozi, muuza mbao na shemeji yake.

Mwaka haukuisha. Seremala alianguka na randa mkononi, asiamke tena. Kampuni ikakataa kulipa, ikidai marehemu alificha ugonjwa. Mjane na mama mkwe wakamfuata Bwana Tai.

"Poleni sana, mama zangu," akasema bila kupepesa macho. "Mimi niliandika alichoniambia marehemu."

Tangu siku hiyo mama mkwe akawa na swali moja tu: "Kwa nini mwanangu alidanganya?" Mjane alieleza mpaka akachoka, bibi hakusadiki. Swali lile lilimchoma mjane kuliko msiba wenyewe.

Akaomba kazi ya uwakala katika kampuni nyingine. Kwenye mafunzo, mwalimu aliwaambia mawakala wapya waanze na ndugu, majirani na watu waliosoma nao.

"Mimi nina pa kuanzia," akasema.

Alianza kwa kinyozi. Hakumsema Bwana Tai vibaya hata kidogo. Aliomba tu fomu aliyojaziwa kinyozi, akafungua ukurasa wa pili. "Nisomee hapa, kwa sauti."

Kinyozi akasoma kwamba hana kisukari. Wembe ukamtoka mkononi. "Shemeji, huyu mtu nilimwonyesha mpaka sindano zangu!"

"Ulimtajia nani na nani?"

Akamtajia. Kwa miezi saba akafuata nyayo za Bwana Tai nyumba kwa nyumba, duka kwa duka, akiwasomesha watu ukurasa wa pili. Waliohamia kwake aliwaandikia kila ugonjwa bila kupunguza. Wengine kampuni yake iliwakataa kwa ukweli huohuo, kinyozi akiwa mmojawapo. Jambo hilo lilimuuma, lakini halikumrudisha nyuma. Alipofikisha watu arobaini na mmoja, wakaandika malalamiko pamoja, yeye mwenyewe akayapeleka kwa meneja wa Bwana Tai.

Bwana Tai alisimamishwa kazi. Mchana mmoja akafika kwa mjane, shati wazi kifuani.

"Dada, umenimaliza. Wanataka kuninyang'anya leseni. Nina watoto."

"Hata mimi ninao."

"Andika barua, useme tulielewana vibaya. Nitafanya lolote."

Mjane akamwita mama mkwe kutoka ndani. "Mwambie mama huyu mwanawe alikwambia nini siku ile."

Bwana Tai akatazama chini. "Alisema ana presha, mama. Mimi ndiye niliyeandika hana."

Bibi akajishika kifua. "Sema tena."

Akasema tena, safari hii akilia. Kisha akamgeukia mjane. "Sasa utaandika?"

"Asante kwa kuja," mjane akasema. "Mlango ndio huo."

"Lakini nimekiri!"

"Umekiri. Nami sikukuahidi kitu."

Leseni ilifutwa wiki iliyofuata. Bima ya seremala haijalipwa mpaka leo. Ila siku ile, Bwana Tai alipotoka, bibi alisogeza kigoda mlangoni, akamsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona, kisha akaomba chakula, akala akamaliza.