Chakula cha Njia

Sikuuona ule mkanda. Kavuo, mke wangu, alikuwa ameufunga kwenye kikapu tangu alfajiri: mkanda wa gome unaopita kwenye paji la uso, ambao mwanamke wa milima yetu haufungi ila anapobeba mzigo mzito kwenda mbali. Sisi tulikuwa tunakwenda bustanini, mwendo wa nusu saa. Nilitembea nyuma yake njia nzima, nimemshika mkono Phinées, mwanetu wa miaka mitano, na sikuona kitu. Wakati huo nilikuwa nikifundisha jiografia katika chuo kikuu kimoja hapo Butembo, na somo nililolipenda zaidi lilihusu namna watu wa vijiji vyetu wanavyosafiri.

Ilikuwa Juni 2003. Vita vilikuwa vimeshapita Kanyabayonga na vilikuwa vikipanda kuelekea Lubero, kusini mwa mji wetu. Kwa majuma matatu mimi na Kavuo tulikuwa tukibishana kwa sauti ya chini, watoto wasisikie. Yeye alitaka tuhamie Kasindi, mpakani, kwa dada yake. Mimi nilitaka tungoje mitihani iishe. Jumamosi nilipopendekeza kwamba kesho yake, baada ya misa ya kwanza, tuwapeleke watoto bustanini wapumue kidogo, alikubali mara moja. Nilidhani amechoka kubishana.

Bustani hiyo, kando ya barabara ya Beni, ilitengenezwa na wakazi wenyewe kwa salongo, kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi. Ilikuwa na vijia vitatu kati ya mikaratusi, vibanda vya nyasi, na katikati meza moja ndefu ya mbao. Kila familia iliweka chakula chake juu ya meza hiyo, na kilichofunguliwa pale kilikuwa cha wote. Kula pembeni na watu wako peke yenu kulionekana kuwa tusi.

Siku hiyo watoto walicheza, lakini watu wazima hawakutulia. Waliketi, wakasimama, wakaenda hadi ukingoni kutazama barabara, wakarudi bila kusema walichokuwa wakitazama. Nami nilizunguka kijia kirefu mara mbili na Rébecca, binti yetu wa miaka tisa.

“Papa, tunakimbia?” aliniuliza.

“Hapana. Tunatembea.”

“Mais unatembea mbio.”

Tuliporudi, Kavuo alikuwa bado ameketi kibandani, kikapu kikiwa kati ya miguu yake, kimefungwa. Familia nyingine zilikuwa zimeanza kula. Kavuo akamchukua Phinées kumpeleka kijitoni kunawa mikono. Hapo ndipo Ananie, seremala jirani yetu, mtu asiyeweza kuacha kutania, alipoinua sauti kutoka mezani.

“Prof! Kikapu ya bibi yako iko na kufuli? Ao watu wa université banakula karatasi?”

Watu walicheka, nami nikaona aibu. Nilikibeba kikapu, nikajivunia hata uzito wake, nikakiweka mezani na kukifungua kwa mikono yangu mwenyewe.

Wanawake walianza kutoa vitu. Ndizi zilizochemshwa na maganda yake. Maharagwe makavu ya kukaanga. Fundo la chumvi. Chini kabisa, jembe lisilo na mpini, na kadi za ubatizo za watoto zimefungwa ndani ya plastiki.

Mama Vagheni, mjane aliyefika kutoka Lubero juma moja tu kabla, alilishika lile fundo la chumvi akalipima mkononi.

“Prof, hii chakula ni ya pique-nique ao ni ya njia?”

Nililigeuza lile jembe mkononi.

“Miye nilitoka Lubero na vitu sawa hivi,” alisema polepole. “Chumvi, jembe, karte ya batoto. Sawa hivi kabisa.”

Ananie hakucheka tena. “Umesikia nini, Prof? Sema! Mutu wa masomo anakimbia, na siye tuko hapa tunakula mandazi?”

“Sijasikia kitu.”

“Donc jembe ni ya kulima bustani yetu?”

Hakuna aliyeniamini. Mama mmoja aliwaita watoto wake, wa pili akafanya vivyo hivyo, na kwa dakika chache mizigo ilikuwa ikifunguliwa na kufungwa upya katika vibanda vyote. Kavuo alipotoka kijitoni aliiona meza kabla ya kuniona mimi. Hakupiga kelele.

“Papa Rébecca, umefanya nini? Hassan alituwekea nafasi ine mu gari yake. Anapita hapa saa nane. Nilingoja gari isimame kwanza ndio nikuambie. Mbele ya batu haungekataa.”

Hassan, msafirishaji wa Beni, alipofika na lori lake alikuta watu zaidi ya thelathini barabarani. Alishuka, akashika kiuno.

“Mama Rébecca, tulisema batu ine. Hii ni parokia muzima!”

Watu walikuwa wameshaanza kupanda juu ya magunia. Hassan aliwazuia kwa mikono yote miwili, akafaulu kutulindia nafasi tatu kati ya zile nne.

“Prof, tatu tu. Unapanga namna gani?”

Mama Vagheni na wengine walinisukuma mgongoni kuelekea lori. Nilimpandisha Rébecca, kisha Phinées. Nilikishika kikapu hadi Kavuo alipopanda, nikampa. Akainama juu ya ubao wa lori.

“Na weye?”

Neno “mitihani” lilinijia hadi mdomoni. Sikulitoa.

“Nitawafuata kwa miguu. Muende.”

“Unasema hivyo mbele ya batu.”

“Mbele ya batu.”

Vita havikufika Butembo. Ananie na wengi wa wale waliopanda lori walirudi baada ya siku kumi, na niliambiwa kwamba jina langu lilichekwa mezani pale kwa muda mrefu. Mitihani ilifanyika bila mimi. Niliwafikia watu wangu Kasindi siku ya tano, na tuliishi huko miaka miwili. Tangu hapo, nyumbani kwetu, suala la kuondoka au kubaki huamuliwa na Kavuo, na huliamua waziwazi, nikisikia.