Chini ya Turubai

…na kicheko tena, kinabubujika kutoka kiti cha nyuma kama bomba limepasuka, na yeye, baba wa watoto, mwenye gari, kakamata usukani wa gari lisiloenda popote, maana kizuizi cha reli kimeshushwa na treni yenyewe haionekani wala haisikiki, mbele yao lori limewapa mgongo, turubai la kijani limekazwa kamba mpaka limetuna, na huko nyuma shemeji yake, kinyozi, mtu ambaye safari yake ndefu maishani ni kutoka sikio hili la mteja hadi sikio lile, ndiye anayeuliza, "Haya wajomba, turubai lina nini?" na watoto wanagombania kujibu, "Nyangumi!" "Nyangumi? Na anapelekwa wapi?" "Kunyolewa sharubu!" … sharubu, nyangumi ana sharubu gani, hata uongo una adabu zake, na mchezo wenyewe ni wake, jamani, ni wake yeye, aliutunga kwenye barabara hii hii mwaka ule Kifungo, binti wa mwisho, alipolia mpaka sauti ikakauka, mama yake kajaribu maziwa, kajaribu nyimbo, kajaribu kutikisa funguo, wapi, ndipo yeye akamwonyesha lori lililokuwa mbele akamwambia unaona lile, limebeba mwezi, wanaupeleka kuoshwa, na mtoto akameza kilio katikati kama mtu aliyemeza nzi… nani angetunga hayo kama si dereva wa malori, tena si dereva wa kubabaisha, dereva aliyewahi kuteremka mlima mzima kinyumenyume, breki zimekufa, huku anamenya chungwa, na ganda halikukatika, wapo wanaobisha lakini hao siku hiyo walikuwa wamefumba macho… na leo kinyozi kaja kupewa lifti tu, kapewa kiti, kiti hakikumtosha, kachukua na watoto, "Basi nyangumi akakaa kwenye kiti changu, kiti kikalia nyiii," na hata mama watoto hapa pembeni kajiziba mdomo kwa ncha ya mtandio, mabega yanamcheza, lini mara ya mwisho mabega hayo yalicheza kwa ajili yake yeye, hakumbuki, kila akirudi safari anakuta kucheka kumeshakwisha, kumebaki kuulizwa kama atakula… "Ni saruji," sauti ikasema, kumbe yake, "mifuko ya saruji, tazameni springi zilivyolala, nyangumi gani, saruji tupu." Kicheko kikakatika. Kama mtu kakanyaga keki ya mwenzake. "Baba watoto, jamani," mkewe akanong'ona, na yeye akatazama mbele kwa ushindi, kashinda, kashinda nini sasa, mtu mzima, tumbo hili, kamnyang'anya mtoto nyangumi… "Mjomba," Kifungo akasema taratibu, kwa huruma kabisa, "baba hajui mchezo wetu. Umfundishe." Wetu! Hajui! Bora angepigwa kofi, kofi lina mwisho… "Anajua, mpwa wangu," kinyozi akasema, "amechoka tu," na huruma ya kinyozi ikachoma kuliko wembe wake, lakini mtoto keshasogea mbele, kidevu juu ya bega la baba, pumzi yake ina harufu ya biskuti, "Sikiliza, baba. Kwanza unasema kuna nini. Halafu kinapelekwa wapi. Halafu dereva." "Dereva nani?" "Si ni wewe! Dereva ni wewe siku zote." Ndipo kaka mtu, ambaye siku hizi anaona haya hata kupunga mkono, akasema akitazama dirishani, "Tunacheza pale kwa mjomba, akiwa ananyoa. Kila lori likipita." "Kila lori?" "Kila lori. Unashusha mzigo, unageuza, jioni uko nyumbani." "Jioni ile ile?" "Ile ile," akasema Kifungo, "hujawahi kulala njiani hata siku moja"… hata siku moja, na wivu uliokuwa umemkaba tangu asubuhi ukamwacha kinyozi wa watu, ukaruka, ukatua kwa yule dereva mwingine, mwenye jina lake na uso wake, asiyejua kulala chini ya lori akisubiri spea, anayefika chakula kingali moto, anayekuta kucheka hakujaisha, mwanaharamu mwenye bahati yule… na yeye, mwongo anayejulikana barabara nzima, na chungwa lake na mlima wake, hajawahi kujitungia uongo mzuri kama huo… kizuizi bado kiko chini, treni bado, lori bado limewapa mgongo na nyangumi wake, akakohoa, akauachia usukani, akageuza shingo nusu, "Hebu niambieni," akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha hata kidogo, "huyo dereva… anapitia njia gani, hata jioni awe amefika?"