Damu ya Swala

Mdogo wangu anaitwa Swala kwa sababu ya mbio, na mimi ndiye niliyemwingiza kwenye utafiti wetu. Tulitaka watu wazima wenye afya, wakubali kukaa siku mbili kwa maji matupu huku tukiwatoa damu, tuone homoni za ukuaji zinakwendaje mtu akiwa na njaa. Watu walikuwa wanatukwepa. Nikambembeleza, akakubali huku anacheka: "Haya dada, kwa ajili yako nitakonda."

Nilihitaji utafiti ule uende vizuri, maana kazini nilikuwa nimekalia kuti kavu. Sindano za homoni ya ukuaji za mtoto mmoja asiyerefuka zilikuwa zimepotea kwenye friji ya maabara, na funguo za friji ninazo mimi. Mama wa yule mtoto alinikazia macho akaniuliza, "Wewe una watoto kweli?" Sina. Nina Swala, niliyemlea tangu mama atutoke. Kikao cha kunijadili kilishapangwa. Nilipokuwa nalia jikoni, Swala alinishika bega akaniambia, "Usiumie roho, dada. Aliyeiba ataumbuka tu." Na kila asubuhi ni yeye anayenikimbilia na funguo ninazosahau mezani.

Sasa, mwili wenye njaa una mtindo wake. Ubongo humwaga homoni ya ukuaji kwa wingi, mafuta yachomwe na misuli isiliwe. Ini nalo hugoma kuitikia, na kile kichocheo chake cha kukuza mwili kinashuka. Mwili unabana matumizi, habari za kukua zinasubiri. Washiriki wengine wote walikwenda hivyohivyo.

Damu ya Swala ilikwenda kinyume. Homoni ya ubongo ilikuwa imelala fofofo, na kichocheo cha ini kiko juu kuliko hata cha mtu aliyeshiba. Nikailaani mashine. Nikarudia kipimo, kisha nikamwomba mwenzangu arudie bila kumwambia ni damu ya nani. Majibu yakawa yaleyale. Nikawaza uvimbe wa ubongoni, mpaka nilipokumbuka kwamba uvimbe ungezipandisha zote mbili. Ubongo wa kijana mzima ukinyamaza huku ini linachapa kazi, basi homoni inaingia kutoka nje, kwa sindano.

Sindano hizo sijui zinauzwa wapi. Najua zilipopotelea.

Nilimkuta nyumbani anakunywa supu niliyomwachia ya kuanzia kula.

"Funguo zangu ulizichukua lini?"

Kijiko kikasimama. Hakuuliza funguo gani.

"Dada, nisikilize kwanza. Wenzangu wote wanajichoma sindano. Nitashindanaje nao mikono mitupu?"

"Na bado ukakubali kutolewa damu?"

"Nilidhani njaa inasafisha mwili. Nikajua nikikaa na maji tu, kila kitu kitatoka."

Ingekuwa ya kuchekesha, lau ingekuwa ya mtu mwingine. Nimemsomesha kwa jasho langu, na hicho ndicho alichoambulia.

"Uliniona nikilia, Swala. Ukanishika bega."

Akainamisha kichwa. "Wewe ungepewa onyo tu, dada. Pale unaheshimika. Mimi sina kitu kingine, nina mbio tu."

Hapo ndipo aliponimaliza. Kumbe alikaa chini akapima, mbio upande huu na mimi upande ule, akaona mimi ndiye wa kutupwa. Hata yule mtoto hakuwa kwenye hesabu. Nilitamani kumzaba kibao, na nilitamani kumkumbatia, nikajichukia kwa hilo la pili.

"Kunywa umalize," nikamwambia. "Halafu tunakwenda kwa daktari mkuu, kabla hajafunga ofisi."

"Utanitaja?"

"Utajitaja mwenyewe."

Alikunywa taratibu, akaosha bakuli, akakaa kufunga kamba za viatu vyake vya mbio. Sikuweza kumtazama. Nikatangulia kutoka, machozi yananitoka, hata ngazi sizioni vizuri. Nilikuwa nimefika chini niliposikia ile miguu yake myepesi nyuma yangu. Nikageuka. Alikuwa amenyoosha mkono, kama kila asubuhi.

"Dada," akasema, "umesahau funguo."