Msafara wa Minza

Minza alikaza shingo akiwa na mwaka mmoja na nusu, akakaa bila kuegemezwa akiwa na miaka mitatu, na akatembea Jumanne moja ya mavuno ya karanga akiwa na miaka mitano, kutoka kwenye jamvi hadi kwenye ndoo. Baba yake, Jilala, alikuwa akimenya karanga za mbegu. Aliziacha zikaliwa na kuku wa jirani, na hata leo hajuti.

Kijijini kwao, upande wa Puge, mtoto hapokelewi darasa la awali kwa cheti cha kuzaliwa. Anapitisha mkono juu ya kichwa. Akigusa sikio la upande wa pili, amekua. Asipogusa, arudi nyumbani akale ugali. Minza alikuwa amerudishwa miaka miwili mfululizo, na mara zote alikwenda na kurudi mgongoni kwa baba yake. Mwalimu mkuu, Valentino, alisema mtoto wa kubebwa ni mzigo, na shule haina ghala.

Januari iliyofuata Jilala akaamua mwanawe aende kwa miguu yake mwenyewe. Waliondoka baada ya uji, wakashika njia ya zamani ya misafara ya pembe za ndovu, ambayo ndiyo njia ya shule. Minza alikwenda hatua thelathini, akapumzika. Hatua thelathini, akapumzika. Kwenye pumziko la nne Jilala aligeuka, akaona wapagazi wamepanga mstari nyuma yao, kila mmoja na pembe au mtumba wa kitambaa cha merikani begani. Walikuwa wafu wa siku nyingi, na nyayo zao hazikutimua vumbi. Jilala akawaamkia, maana walimzidi umri kwa miaka mia na ushei.

"Shikamooni, babu zangu."

"Marahaba, mwanangu," alijibu wa mbele, kirangozi aliyeongoza msafara wao, aliyevaa njuga miguuni. "Twendeni tu. Sisi tuliugua njiani, wenzetu wakatuacha. Tumengoja sana mtu wa mwendo huu."

Jilala alishikwa na fahari. Watu walimwambia mtoto huyu hatafika popote, na sasa alikuwa na wanaume hamsini nyuma yake. Aliposimama walisimama, na hakuna aliyenung'unika. Wanawake waliotoka kisimani waliwapisha. Mmoja tu alilalamika kwamba pembe imegonga ndoo yake.

Walifika saa nne. Mwalimu Valentino alitazama ule mstari, akafungua daftari haraka. Wakubwa wake walishamwandikia barua mbili kuhusu uandikishaji hafifu.

"Kila mtu na sikio lake," alisema.

Minza aliketi kwanza apumzike. Wapagazi, kwa kuwa walizoea kutii amri, walishusha mizigo na kugusa masikio mmoja baada ya mwingine. Mwalimu aliandika majina, na penye tarehe ya kuzaliwa akaweka kistari. Daftari lilipojaa, kirangozi alikuwa bado hajafikiwa.

Ndipo Minza akasimama. Aliinua mkono wa kulia, ule uliochelewa kuliko mwenzake, akaupitisha juu ya utosi polepole, na kidole cha kati kikagusa sikio la kushoto. Akakiacha hapohapo ili kila mtu aone. Jilala alilia mbele za watu na hakujifuta.

"Amegusa," alisema.

"Nimeona," alisema mwalimu, akifunga daftari. "Ila nafasi zimejaa."

"Bwana mwalimu, huyu ndiye aliyetuleta," alisema kirangozi.

"Tunamshukuru. Aje mwakani."

Wapagazi waliingia darasani. Magoti yao hayakuenea chini ya madawati, lakini waliitikia a, e, i, o, u kwa sauti nzito, na mwalimu aliridhika nao. Kirangozi alichuchumaa nje ya dirisha asikilize bila kuandikishwa.

Minza alikataa kubebwa. Walirudi wawili, hatua thelathini kwa hatua thelathini, wakafika jua likiwa linazama. Jirani yao, Levina, alikuwa akianua mihogo.

"Vipi, ameanza shule?" aliuliza.

"Ametembea kwenda na kurudi," alisema Jilala. "Na sikio amegusa. Huyu wangu yuko tayari, shemeji. Shule ndiyo bado."