Mtu wa Namna Gani

Nikutegee kitendawili, nawe usikimbilie kujibu. Ukinidanganya, narudi. Ukininyamazia, narudi. Ukiniambia kweli, hunioni tena. Mimi ni nani?

Ukisema mgeni mlafi, umekaribia, lakini siye. Kaa nacho, twende kwa Burulcha.

Siku mumewe Sagynaly anazikwa, Burulcha alikuwa ndani ya hema la sufu na wanawake wenzake, ameelekea ukutani, anaimba maombolezo kama ilivyo ada. Nje, maiti imelazwa mbele ya wanaume, na imamu akawauliza lile linaloulizwa juu ya kila maiti: huyu ndugu yetu alikuwa mtu wa namna gani? Wakajibu kwa sauti moja, mtu mzuri. Na kwao alikuwa mzuri kweli. Aliwaazima farasi, aliwachinjia kondoo, aliwachekesha mpaka wakashika mbavu. Wanawake hawaulizwi. Burulcha alilisikia jibu kupitia ukuta wa hema, akaukatiza wimbo.

Wiki haikuisha, swali likarudi. Muuza chumvi alisimama langoni, akataja bei, na kwa pumzi ile ile akasema, "Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mtu mzuri," akajibu Burulcha.

Muuza chumvi akamkodolea macho. Nani huyo, mama? Hakukumbuka kuuliza kitu.

Baada yake akaja nesi wa kumpima presha, akamhoji lile lile kwa sauti kavu, kisha akaendelea kufunga mkoba wake. Naye jirani yake Jumagul, wakikanda unga pamoja, akalidodosa taratibu, macho yamemlegea kama ya mtu aliye usingizini. Huyu anauliza, yule anahoji, mwingine anadadisi, mwingine anachokonoa kama anayetafuta mwiba nyamani. Majina ya kuuliza ni mengi, mwiba ni huo huo mmoja. Burulcha akawajibu wote vilevile, mtu mzuri, na kila alipojibu swali lilisogea karibu zaidi na nyumba.

Mwisho likaingia kinywani mwa Aizada.

Aizada alikuwa mjukuu wake, hajaanza hata shule. Mama yake, Begaim, alikuwa binti wa Burulcha na Sagynaly, na mtoto aliambiwa kwamba alimtupa, akaenda zake Urusi kutafuta maisha. Kwa hiyo babu ndiye aliyekuwa baba, mama na farasi pia. Alimpakia mbele ya tandiko lake kila aendako.

Mtoto aliuliza kwanza akiwa anakula mkate. Kesho yake akaamka hawezi kutaja maziwa. Kisha likampotea jina la mwanakondoo wake. Kila alipouliza, neno moja lilimtoka na halikurudi, mpaka ikawa akitaka maji ananyoosha kidole, na akifungua kinywa linatoka swali tu, kwa utulivu, kama la mtu anayejua jibu.

"Shoga, mjibu mtoto," akasema Jumagul.

"Nimeshamjibu."

"Umempa jibu la wanaume. Miaka yote unanisema mdomo wangu hauna mlango. Wako wewe umepigiliwa misumari."

Burulcha hakubisha. Alijua akisema atamnyang'anya mtoto babu yake, mtu pekee aliyewahi kumwita wake. Na akinyamaza, mtoto atakauka maneno yote.

Ikafika arobaini. Wanaume wameketi uani juani, sahani za nyama mbele yao, na Aizada akapita katikati yao akiuliza. Wakajibu kwa pamoja, mtu mzuri, kisha wakatazamana, hakuna anayejua kwa nini amesema. Akauliza tena. Wakajibu tena, nyama ingali midomoni, na imamu naye kinywa kikamtoroka. Mbwa akaingia chini ya gari.

Ndipo mtoto akageuka, akamtazama bibi yake mlangoni mwa hema.

"Alikuwa..." akasema. Akahangaika, midomo ikacheza. Hata swali lenyewe lilikuwa linamwisha. "Alikuwa..."

Burulcha akatua birika. Akapita katikati ya wanaume, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe, akapiga magoti, akamshika mtoto mashavu.

"Kwa hawa alikuwa mzuri," akasema. "Na wewe alikupenda, hilo ni lako, usiliachie. Lakini mama yako hakukutupa. Alikimbia kipigo kwa mumewe, akaja hapa na wewe kifuani, theluji inaanguka. Babu yako akakupokea wewe, akamfungia yeye lango, na mimi nikazuiwa kwenda kumfungulia. Akagonga mpaka kulipokucha, ndipo akaenda zake. Babu yako alikuwa mtu wa kulala usingizi, mwanawe anagonga."