Bendi Kwenye Kiwanja cha Ndege

Lavonne Tvedt alikuwa na miaka sabini na mmoja, na tangu mwezi wa pili hakushona wala hakulala mchana. Kazi yake ilikuwa kutazama ndege. Hakuzitazama angani, alizitazama kwenye simu, mle ambamo kila ndege inaonekana ilipotoka na inakokwenda. Na si yeye peke yake. Brandvold nzima, mji wa watu elfu sita kati ya mashamba ya mahindi ya Nebraska, ilikuwa inachungulia simu. Kila shabiki anajua kwamba wakubwa wa ligi ya michezo ya vyuo wakitaka kukichukua chuo hawapigi mbiu. Wanakuja kimyakimya kwa ndege ndogo, wanakagua, wanaondoka.

Chuo Kikuu cha Brandvold kilikuwa katika Ligi ya Mito Mitatu tangu enzi za baba zao. Sasa vyuo vinahama kama nyuki waliofukizwa moshi, kila kimoja kinakimbilia ligi inayoonyeshwa kwenye televisheni, na Mito Mitatu imebaki na timu tano. Ligi ya Nyanda za Juu ilikuwa na nafasi moja tu. Wanaume wa mjini waliitaka nafasi hiyo kwa ajili ya mpira wao wa kofia ngumu na kugongana. Lavonne aliitaka kwa ajili ya Maren, mjukuu wake, aliyechezea chuo mpira wa wavu. Yeye ndiye anayeinua mipira ili wenzake wapige. Mwezi wa kwanza wasichana waliitwa wakaambiwa wazi: tukibaki Mito Mitatu, timu yenu inavunjwa. Na Maren alikuwa bado na miaka miwili ya kucheza.

Alhamisi asubuhi, unga ukiwa bado vidoleni, Lavonne aliona ndege ndogo inatoka Denver, kwenye makao makuu ya Nyanda za Juu, inaelekea Brandvold. Akampigia jirani yake Duane Hruska, fundi matrekta mstaafu.

"Duane, vaa suruali."

"Nimevaa."

"Vaa ile nzuri. Wanakuja."

"Mama wee, wiki iliyopita ulisema hivyo hivyo, ikawa ndege ya kunyunyizia dawa."

"Ile ilikuwa na injini moja. Hii ina mbili, na inatoka Denver. Zimebaki dakika thelathini na nane."

"Mkuu wa chuo anajua?"

"Okerlund nimeshampigia. Yuko njiani anafunga tai."

Basi mji ukahamia kiwanja cha ndege. Kinyozi alimwacha mteja na nusu ya ndevu, akamwambia amfuate. Bendi ya chuo ilipanda tela la kubebea majani, na mpiga ngoma kubwa akafungwa kamba ya mizigo asidondoke. Wanawake walibeba sufuria za supu nzito ya nyama na maharage, na kwa kuwa kule supu hiyo hailiki bila mkate wa mdalasini, Lavonne alipakia sinia mbili, mikate arobaini na minane, sukari ya juu bado inatiririka. Makocha walikwenda, walimu walikwenda, mlinzi wa lango naye akafunga kibanda chake akaenda.

Ndege ilitua. Mlango ukafunguliwa, bendi ikaanza wimbo wa chuo, na watu elfu mbili waliovaa zambarau, rangi ya chuo, wakapunga mikono. Akashuka mwanamume mfupi aliyevaa kofia pana na buti zenye tope kavu, amekumbatia mtungi wa chuma unaofuka baridi. Alipouona umati alivua kofia akaiweka kifuani.

"Poleni sana," alisema. "Nani amefariki?"

Alikuwa muuza mbegu za madume ya ng'ombe.

Lavonne alihisi masikio yanawaka moto. Hapo hapo simu ikaita. Alikuwa Maren.

"Bibi, uko wapi?"

"Kiwanja cha ndege."

"Mnafanya nini huko? Chuoni hakuna mtu. Kuna wageni watatu hapa ukumbini kwetu, wamekuja na gari la kukodi. Yule mama ana beji ya Nyanda za Juu. Anauliza kama leo ni sikukuu."

"Mmewaambia nini?"

"Kocha naye si yuko huko kwenu? Nimewaambia sisi tunafanya mazoezi, wakae watazame."

Lavonne akaenda kumwambia Dk. Okerlund. Mzee wa watu aligeuka rangi ya unga.

"Lavonne, umenimaliza."

"Nimalize mimi baadaye. Sasa endesha."

Walirudi msururu wa magari mia kadhaa, na bendi kwenye tela inayumba nyuma. Njia nzima Lavonne alishika sinia mapajani akijiambia kwamba timu ya Maren ameivunja yeye kwa mikono yake.

Ukumbini walimkuta Bi. Castellaw, mkubwa wa msafara, amevua koti na viatu, anawarushia wasichana mipira. Wenzake wawili walikuwa wanaokota inayopotea. Okerlund akaanza kuomba radhi huku anahema. Lavonne alimpita.

"Kosa ni langu," alisema. "Niliona ndege ya Denver, nikadhani ni nyinyi."

"Sisi tumekuja kwa gari," alisema Bi. Castellaw. "Tukipanda ndege mnatuona kwenye simu. Kwani ndani alikuwamo nani?"

"Muuza mbegu za ng'ombe."

"Mkamfanyaje?"

"Tumempigia bendi."

"Na mikate ameondoka nayo miwili," Duane alidakia.

Mama yule alicheka mpaka akashika wavu. Kisha akasogea dirishani. Magari yalikuwa yanazidi kuingia, watu wanashuka na sufuria zao.

"Wote hawa walikwenda huko?"

"Isipokuwa hawa wasichana," alisema Lavonne.

"Juma lililopita chuo kingine kilituonyesha uwanja wa viti elfu arobaini. Aliyetusalimia ni mtu wa lifti." Akamgeukia Okerlund. "Lakini hii timu siioni kwenye mipango yenu ya mwakani."

Maren ndiye aliyejibu, mpira kwapani. "Mkitukataa tunavunjwa, mama. Mkitukubali, hatujaambiwa."

Bi. Castellaw aliandika kitu kwenye daftari lake, akaomba mkate.

Kura za vyuo vya Nyanda za Juu zilipigwa baada ya siku tisa. Zilihitajika tisa kati ya kumi na mbili. Lavonne hakugusa simu tangu asubuhi, ilibidi iite mara nne ndipo aipokee.

"Bibi, kumi. Kumi kati ya kumi na mbili. Okerlund amekuja ukumbini mwenyewe, barua ya ligi ninayo mkononi."

"Na nyinyi?"

"Kuna sharti moja. Mpira wa wavu wa wanawake usiguswe kwa miaka minne."

Lavonne alivuta kiti akakaa. "Soma hapo pa mpira wa wavu. Soma taratibu."

Maren akasoma. Bibi yake akamwambia arudie, akarudia. Mara ya tatu hakufika mwisho wa mstari, maana wenzake walikuwa wameshamnyanyua juu, na simu ilibaki inaleta vifijo tu.