Pua Yangu na Kinyoka cha Binti Yangu

Kwa miaka thelathini na minane nimewaambia watu kwamba naweza kunusa gesi inayovuja kwenye kiyoyozi, na kwa miaka thelathini na minane wameniamini. Lawama si zangu. Mtu anakuona umepanda ngazi, umefumba macho, unavuta hewa kama mbuzi aliyefika kwenye uzio wa shamba la mahindi, kisha unanyoosha kidole na kusema "hapa," na kweli inakuwa hapo. Akikuita Mzee Pua, utamkatalia?

Gesi yenyewe haina harufu. Hilo nakwambia wewe tu, usilitembeze. Siri ni mafuta. Ndani ya mabomba ya kiyoyozi gesi huzunguka pamoja na mafuta kidogo, na inapovuja, mafuta nayo hutoka, yakaacha doa, na doa likakamata vumbi. Mimi nilikuwa natafuta doa kwa jicho moja huku nimefumba la pili. Pua ilikuwa mapambo.

Lakini mapambo yale yalinifikisha mbali. Mpaka leo kuna watu watakaokuapia kwamba niliwahi kunusa friji ya bucha ikivuja nikiwa mazishini mtaa wa tatu, nikaomba radhi kwa wafiwa, nikaenda, nikaziba tundu na kurudi kabla marehemu hajashushwa. Hadithi hiyo niliitunga mwenyewe, ila siku hizi hata mimi naanza kuikumbuka.

Karakana sasa ni ya binti yangu. Mimi namwita Bosi, na yeye hakatai. Ana kidude cha kushika mkononi, ukubwa wa tochi, chenye shingo ndefu inayopinda kila upande na kitundu mwishoni. Ukikipitisha mahali penye gesi kinalia tit, tit, na kadiri unavyokaribia tundu ndivyo kinavyoharakisha, mpaka kinapiga kelele kama birika. Jina lake la dukani silijui. Mimi nakiita Kinyoka.

Niliendelea kwenda naye kazini, na niliendelea kupanda ngazi yangu. Mpaka siku ile nilipoteleza nikaangukia kochi la mteja, mteja mwenyewe akiwa amelikalia. Hakuna aliyeumia isipokuwa kochi, na goti langu la kulia ambalo tangu hapo linalia kama bawaba kavu.

Kesho yake nilikuta ngazi yangu imefungwa kwa mnyororo na kufuli kwenye nguzo ya tangi la maji, kama vile ndiyo iliyoiba. Ndani, mama watoto na Bosi walikuwa wamekaa mezani wananingoja. Ufunguo ulikuwa shingoni mwa mama watoto.

"Mzee, kaa," akasema mke wangu.

"Nimekaa jioni nzima jana kwa sababu ya goti. Leo nasimama."

"Baba, utakuja kuvunjika," Bosi akasema. "Tena kwa kitu gani? Kinyoka kinapata tundu kwa dakika kumi. Wewe kaa chini, unipe spana."

Nipe spana! Mimi niliyemfundisha tofauti ya spana na kijiko!

"Kama Kinyoka chako ni hodari hivyo," nikasema, "mbona kwa wakili umejaza gesi mara mbili, na mara mbili imevuja?"

Hapo nilimshika pabaya. Ofisi ya wakili ilikuwa imemnyima raha mwezi mzima. Alikagua mashine ya ndani, ya nje, na kila kiungo cha bomba, asipate kitu. Basi tukawekeana dau mbele ya mama watoto. Kesho twende kwa wakili wote wawili. Pua ikitangulia kupata, ngazi inafunguliwa na hakuna atakayetaja goti langu tena ndani ya nyumba hii. Kinyoka kikitangulia, kitu cha juu kabisa nitakachopanda mpaka kufa kwangu ni kitanda.

"Nakubali," akasema Bosi.

"Mimi nakitandika kabisa hicho kitanda," akasema mama yake.

Usinione mjinga. Nilikuwa nimekichunguza Kinyoka muda mrefu, nikajua ugonjwa wake. Hakipendi spiriti. Kikipata mvuke wa spiriti kinalia vilevile kama kimepata gesi. Asubuhi nikanyoa ndevu, nikachukua chupa ya manukato ya baada ya kunyoa, yale makali, nikajimwagia nusu yake: mashavu, shingo, nyuma ya masikio, na mifuko ya shati kwa akiba.

Mama watoto aliziba pua. "Unakwenda kazini au kuposa?"

Ofisi ya wakili iko chini kabisa ya jengo, na dirisha lake linatazama barabara. Ni chumba kimoja: meza, kabati la vitabu vinene, kiyoyozi juu ya dirisha upande wa kulia. Kuta zilikuwa nyeupe pe, zimepakwa rangi mpya miezi miwili iliyopita. Katikati ya ukuta, juu kidogo, rangi ilipokauka wakili alitundika picha yake kubwa akiwa na joho, siku alipoapishwa.

"Karibuni," wakili akasema, akijipepea kwa faili. "Mzee Pua, nilijua mwisho watakuleta wewe."

Sikumjibu mara moja, kwa sababu nilikuwa nimeshashinda. Chini ya fremu ya ile picha, kwenye rangi mpya, palikuwa na doa la ukubwa wa kifungo cha koti, la manjano, vumbi limenata. Mwingine angedhani ni alama ya kidole cha fundi rangi. Mimi nilijua ni mafuta, na nilijua yametoka wapi.

Ningesema palepale, mambo yangeisha kabla hata Bosi hajafungua mkoba. Ila niambie, nani anakwenda kwenye ngoma akacheza hatua moja? Nikafumba macho, nikaanzia kona ya mbali. Nikanusa kabati. Nikanusa sheria za ardhi, nikanusa sheria za ndoa, nikakunja uso.

"Huku kuna mgogoro," nikasema, "ila si wa gesi."

Wakili akacheka. Bosi hakucheka. Alipanda ngazi yake, akaanza kuipitisha shingo ya Kinyoka kwenye mashine ya ndani, polepole, chini ya kila kiungo, maana gesi ni nzito kuliko hewa na huzama. Kimya. Nikasogea karibu na ngazi.

Tit. Tit. Tit-tit-tit.

"Kimepata!" wakili akaruka.

Bosi akarudia palepale. Mimi nikawa nimeondoka. Kimya. Akashuka akaenda kwenye kona nyingine, nami nikapita nyuma yake kama mtu anayetafuta kofia yake. Tit-tit-tit! Akarudi. Kimya. Nikapita tena. Tit-tit-tit-tit!

Binti yangu akasimama. Akanitazama. Kisha akainua Kinyoka na kukiinamisha taratibu mpaka nyuma ya sikio langu. Kikapiga kelele mpaka mpita njia akachungulia dirishani.

"Mama wakili," Bosi akasema, "tundu limepatikana. Anayevuja ni baba yangu."

Wakili alicheka mpaka akavua miwani.

"Ni manukato tu," nikasema. "Mtu asijipulize?"

"Jipulize, lakini nje. Toka mpaka kwenye mtaro, na usirudi mpaka nikuite."

Nikatoka. Ningefanyaje? Nikasimama barabarani kando ya mtaro, nanukia kama bwana harusi aliyekimbiwa, nikitazama kupitia dirishani. Bosi akafungua mlango na dirisha, akawasha feni, akaacha hewa yangu itoke. Akazima Kinyoka, akaja nacho barazani, akakiwasha upya huko. Anajua kazi, siwezi kusema uongo. Kidude kile huchukulia hewa kinayoamkia kuwa ndiyo hewa safi. Ukikiwashia ndani ya uchafu, uchafu hakiuoni tena.

Bado sikuwa na wasiwasi. Nilijua atarudi kwenye viungo vilevile, kwa sababu ndivyo fundi yeyote angefanya. Bomba lililozikwa ukutani halina kiungo, na pasipo na kiungo hakuna anayepekua. Hilo nilimfundisha mwenyewe.

Lakini mtoto huyu hakurudi kwenye viungo. Aliinama chini ya ukuta, akaanza kuutembeza mdomo wa Kinyoka juu ya rangi, shibiri kwa shibiri, kutoka kulia kwenda kushoto. Hilo sikumfundisha. Alipofika katikati nikasikia tit. Shingo ikaanza kupanda. Tit, tit. Inaelekea kwenye picha!

Nikaona ngazi yangu inaota kutu kwenye nguzo ya tangi.

"Nyuma ya picha!" nikapiga kelele, nimening'inia dirishani nusu mwili. "Nimenusa! Nyuma ya picha ya wakili!"

Na Kinyoka nacho kikapasuka kwa kelele wakati huohuo.

Bosi akageuka. "Mimi nimetangulia!"

"Mimi!"

Tukamtazama wakili. Akavaa miwani, akajikohoza kama yuko mahakamani. "Kwa nilivyosikia mimi, neno 'picha' limetangulia kelele. Kidogo sana, lakini limetangulia."

Niliingia ndani kwa mwendo wa mtu asiye na goti. Bosi akapanda, akaitoa picha, akapaka povu la sabuni kuzunguka msumari. Povu likavimba, likatoa mapovu makubwa kama mtoto anayechezea maziwa. Akauvuta msumari kidogo, ukuta ukapumua: psss.

"Msumari umetoboa bomba," akasema. Akatazama kiyoyozi kule kulia. Akautazama msumari katikati ya ukuta. "Bomba? Hapa? Bomba linatoka kule, linapaswa kushuka wima pembeni ya dirisha. Huku limefuata nini?"

"Ndivyo nilivyoambiwa hata mimi," wakili akasema. "Nilipohamia nilikuta aliyefunga kiyoyozi ameacha mstari wa penseli pembeni ya dirisha. Mwenye jengo akaniambia, mama, usipigilie misumari hapa tu, kwingine kote uko huru."

Sitaki kusema ni nani aliyefunga kiyoyozi kile. Nitasema tu kwamba miaka kumi na miwili iliyopita, jioni moja, kulikuwa na fainali ya mpira, na ndani ya ukuta ule mlikuwa na mfereji wa zamani wa nyaya za umeme uliokatiza mshazari kutoka juu kulia kwenda chini kushoto. Fundi mwenye haraka akiukuta mfereji kama huo anauona kama zawadi. Analaza bomba, anapiga lipu, anachora mstari wa penseli pale ambapo bomba lingepaswa kupita, na anafika nyumbani kabla ya filimbi ya kwanza.

Bosi alishuka ngazi akaja kusimama mbele yangu. Ana macho ya mama yake.

"Baba. Ulikuwa barabarani. Umejuaje kwamba liko nyuma ya picha?"

Nikafungua mdomo.

"Ngoja, usiharakishe," akasema. "Mambo ni mawili tu. Ama pua yako imenusa kupitia ukuta, ama ulijua tangu zamani kwamba bomba limepita mshazari. Chagua moja."

Wakili aliweka kalamu chini. Hakuwa anacheka tena.

Ningeweza kutaja doa. Lakini doa ndiyo pua yangu yenyewe. Nikilitaja, miaka thelathini na minane inayeyuka hapohapo sakafuni. Na doa lingenidai nieleze kwa nini sikushangaa kuliona mahali pasipo na bomba.

"Pua," nikasema.

"Kupitia ukuta?" wakili akauliza.

"Ukuta, rangi iliyopakwa mara mbili, na kioo cha picha."

"Kutoka barabarani?"

"Ningenusa hata kutoka ng'ambo, mama, ila lori lilikatiza."

"Na manukato yote hayo usoni?"

"Hayo ndiyo yalinichelewesha."

Wakili akamgeukia binti yangu, na binti yangu akatabasamu. Tabasamu lile nalijua. Nililiona mara ya mwisho kwa mama yake siku alipokubali posa yangu.

"Basi sawa," Bosi akasema. "Dau umeshinda, baba. Ngazi itafunguliwa leo. Ila mama wakili, wewe ni mtu wa sheria, nisaidie. Mtu anayenusa tundu akiwa barabarani, kupitia ukuta, rangi na kioo, anapanda ngazi kufuata nini?"

Nilitafuta jibu mfukoni nikakuta manukato tu.

"Swali halali," akasema wakili.

Ngazi ilifunguliwa jioni ileile, kama tulivyoahidiana. Mama watoto anaanikia nguo juu yake. Lile bomba Bosi alilizika upya, wima kama mstari wa daftari, na hakumwambia wakili kitu. Hakuniambia kitu hata mimi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kazini bado naenda. Nina kiti changu cha kukunja. Nakaa nje ya nyumba ya mteja, barazani au kando ya barabara, nimefumba macho, na watu wanakusanyika kumwangalia mzee anayenusa kupitia kuta. Kwa kuwa doa silioni nikiwa nje, tumekubaliana na Bosi. Anapita ndani na Kinyoka, sauti ameizima, anatazama taa yake tu. Akikohoa mara moja, ni mashine ya ndani. Mara mbili, ni ya nje. Mimi nanyoosha kidole, watu wanapiga makofi, yeye anaziba tundu.

Jana alikohoa mara tatu.

Mara tatu hatujakubaliana ni nini. Labda lilikuwa vumbi. Lakini watu walikuwa wananingoja, kwa hiyo nikanyoosha kidole moja kwa moja juu, kwenye paa.

"Paani?" mteja akasema. "Ngoja basi, mzee, nikuletee ngazi."

Bosi akatoa kichwa mlangoni, akanitikisia kidole kwamba hapana, hapana, hapana. Nilimwona vizuri kabisa. Nilimwona kutoka juu, nikiwa kwenye kidato cha pili cha ngazi.